Goli limebaki udongo mtupu na baridi ya Njombe ndiyo hii: nianzie wapi?

Mtunza Kiwanja
Habari zenu wakuu. Kiwanja cha shule, Njombe, nyasi za kikuyu kwenye udongo mwekundu. Magoli yote mawili yamebaki wekundu mtupu, pagumu kama sakafu. Mwezi Juni tulipanda vipando vipya na kumwaga urea. Vipando vimekauka, urea haijaleta rangi. Mechi zinaanza mwisho wa Agosti. Maji ya bomba yapo.

Fundi Nyasi
Mkuu, usipande tena kikuyu msimu huu. Joto la udongo likishuka chini ya nyuzi 10 karibu inakoma kukua, na kipando hukauka kabla hakijatoa mzizi. Vipando subiri mvua na joto virudi. Kwa sasa pandia raigrasi ya kudumu (ryegrass, nyasi za nchi za baridi), yenyewe baridi inaiweza.

Eneo dogo la goli ni mita 18.32 kwa 5.5, yaani kama mita za mraba 100. Kwanza lowesha jioni. Kesho yake choma kwa uma wa bustani, kina sentimita 10, kila baada ya sentimita 10, na utikise mpini kidogo ili udongo upasuke chini. Hapo ndipo wengi wanapotegea, kisha mbegu inaota juu ya sakafu na mchezaji mmoja akiteleza inang'oka yote. Kwangua kwa reki, mwaga mbegu kilo 4: nusu ukienda urefu, nusu ukienda upana. Funika kwa mchanga safi wa mto, milimita 3 tu (ndoo 15 za lita 20), halafu kanyagia kwa ubao.

Mbolea: achana na urea, kwenye baridi vijidudu vya udongo vinaibadilisha polepole mno. Tumia CAN (calcium ammonium nitrate), ambayo nusu ya naitrojeni yake mmea unaichukua papo hapo. Kilo 1.2 kwa goli, miche ikifika sentimita 3, kisha mwagilia uioshe majani. Usizidishe, jani laini ndilo linaloungua kwa baridi.

Mtunza Kiwanja
Asante sana. Nailoni ya kitalu nyumba tunayo, nifunikie?

Fundi Nyasi
Hapana. Mchana jua litaichoma miche, usiku unyevu utaleta ukungu. Tafuta kile kitambaa cheupe chepesi cha kufunikia miche, kinachopitisha maji na hewa. Kibane kingo zote kwa vigingi. Kwa baridi hiyo tegemea kuota baada ya wiki mbili hadi tatu. Funua kila baada ya siku mbili uchungulie: ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui kwenye majani, ni ukungu, acha wazi mchana kutwa. Miche ikifika sentimita 3 kiondoe kabisa.

Kata mara ya kwanza ikifika sentimita 6, ibaki 4. Kisu cha mashine ya kukatia kikiwa butu kitang'oa miche badala ya kukata.

Bibi Shamba wa Makete
Mwanangu, na jua je? Kama upande wa mashariki kuna mikaratusi, goli hilo linapata jua saa nne wakati lingine limeshapata tangu saa moja. Punguza matawi ya chini, utaona tofauti kuliko mbolea yoyote.

Asubuhi yenye sakitu (barafu nyembamba juu ya nyasi) asikanyage mtu. Maji ndani ya jani yameganda, kiatu kinalivunja, na mchana unaona nyayo nyeusi zimejipanga hadi golini. Kama ni umande tu, watu wawili waburute kamba ndefu juu ya nyasi, majani yakauke mapema.

Mbegu zikishapandwa, kumwagilia ni saa nne asubuhi, si jioni. Kiwanja kilichobaki pandisha kisu hadi sentimita 4. Na mazoezi ya makipa yahamie pembeni ya uwanja, magoli ya kuhamisha au hata vigingi viwili vinatosha, kwa wiki sita kamili.

Mtunza Kiwanja
Shikamoo mama. Mikaratusi ipo, tena upande huo huo wa mashariki.