Nimepiga picha za majengo ya Paris nikiwa barabarani: naweza kuziuza kwenye kalenda?

MamaLatifa_Paris

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, na ikiwezekana kabla ya Jumatatu.

Huu ni mwaka wangu wa sita Paris. Ninaishi kwa kamera: harusi za wenzetu, arobaini za watoto, mahafali. Mwezi uliopita wakala mmoja wa safari wa Dar alinipa oda ya kalenda za ukutani, nakala 2,000, picha 13 ukihesabu na ya jalada. Zichapwe hapa, sehemu ziuzwe hapahapa kwa jamii yetu, zilizobaki zisafirishwe nyumbani. Malipo ya awali nimeshapokea na nimeshanunulia lenzi.

Jana nimepeleka picha kwa mchapaji. Akazipitia moja moja, akatenga tatu: Mnara wa Eiffel usiku taa zikimetameta, piramidi ya kioo kwenye ua wa makumbusho ya Louvre, na jengo la sanaa la Pompidou. Akaniuliza, "Ruhusa ya hizi unayo?" Nikamwambia nilisimama barabarani, sikuingia kwa mtu wala sikupanda ukuta. Akasema bila karatasi hachapi.

Sijalala vizuri. Kamera yangu, jicho langu, ile baridi ya saa tano usiku nilipigwa nayo mimi. Iweje jengo linaloonwa na kila mpita njia liwe na mwenyewe hata kwenye picha yangu?

MtotoWaTanga

Dada, huyo anakutisha bure. Mimi niko Berlin, nauza kadi za posta za majengo mapya kabisa na sijawahi kuulizwa. Ulaya ni moja. Ukiwa mtaani, piga, uza. Tafuta mchapaji mwingine.

BintiWaSheria

Kaka wa Tanga, kwa Berlin uko sahihi, ila tafadhali usimwingize dada shimoni. Kwenye jambo hili Ulaya si moja. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa 2001 kuhusu hakimiliki uliiachia kila nchi ichague kama itaruhusu picha za majengo na kazi za sanaa zilizowekwa hadharani. Ujerumani inaruhusu hata kwa biashara, kifungu cha 59 cha sheria yao. Ufaransa imebana.

MamaLatifa, picha ni yako kweli, hilo hakuna anayekunyang'anya. Lakini ndani ya picha yako kuna kazi ya mtu mwingine. Jengo lenye ubunifu linalindwa kama mchoro au sanamu, na Ufaransa ulinzi huo unadumu maisha ya msanifu na miaka 70 baada ya kifo chake. Kwa hiyo usianze kwa kujiuliza ulisimama wapi. Anza na msanifu: ni nani, na alifariki lini?

Gustave Eiffel alifariki 1923, kwa hiyo hakimiliki ya mnara wenyewe imeshaisha. Mchana piga na uuze upendavyo. Usiku ni habari nyingine. Taa zile za dhahabu alizibuni Pierre Bideau mwaka 1985, naye amefariki 2021. Zinahesabiwa kuwa kazi ya sanaa inayojitegemea, na kampuni inayoendesha mnara hudai ruhusa kwa matumizi ya kibiashara. Piramidi ya Louvre ni ya I. M. Pei, aliyefariki 2019, maana yake imefungwa hadi mwisho wa 2089. Pompidou ni ya Renzo Piano na Richard Rogers, na Piano bado yu hai. Mchapaji wako ametenga tatu zilezile ambazo ningezitenga mimi.

MamaLatifa_Paris

Asante mdogo wangu, sasa naona mwanga kidogo. Lakini mbona mamilioni ya watalii wanaziweka mitandaoni kila usiku? Hao wote wanavunja sheria?

BintiWaSheria

Mwaka 2016 Ufaransa iliongeza kifungu kinachoruhusu picha za majengo na sanamu zilizoko daima kwenye njia ya umma, ila kwa watu binafsi na bila matumizi yoyote ya kibiashara. Mtalii akimtumia shangazi yake picha, hana neno. Kalenda ya wakala wa safari ni biashara, haiingii humo.

Kuna mlango mmoja mdogo. Mahakama Kuu ya Rufani ya Ufaransa, Machi 2005, iliamua kesi ya kadi za posta za uwanja wa Place des Terreaux kule Lyon. Wabunifu waliougeuza upya uwanja huo, Daniel Buren na Christian Drevet, walidai haki yao. Wakashindwa, kwa kuwa kadi zilionyesha uwanja mzima na kazi yao ilikuwa imeyeyuka ndani ya mandhari. Kwa hiyo ukipiga ua lote la Louvre, yale majumba ya wafalme yakatawala na piramidi ikawa sehemu tu ya mandhari, una hoja. Ikikaa katikati na kujaza picha, huna.

MtotoWaTanga

Nimeelewa, nafuta ushauri wangu wa kwanza. Dada, uniwie radhi.

Niongeze la huku, maana hata sisi tuna mipaka. Kazi lazima iwe ya kudumu: msanii Christo alipoifunika Reichstag, jengo la bunge letu, kwa kitambaa mwaka 1995, mahakama ilisema baadaye kwamba kadi za posta za tukio lile zilihitaji ruhusa, kwa sababu lilikuwa la muda. Pia lazima upige ukiwa njiani. Muuzaji wa picha ya nyumba ya msanii Hundertwasser kule Vienna, iliyopigwa kutoka fleti ya ng'ambo ya barabara, alishindwa kesi hapa Ujerumani mwaka 2003. Na mwaka 2024 mahakama imesema picha za droni nazo hazimo.

NairobiKwaMguu

Huku kwetu Kenya sheria ya 2001 inaruhusu kunakili na kusambaza kazi ya sanaa iliyo mahali inapoweza kuonwa na umma, majengo yakiwemo. KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi, nimeipiga miaka mingi. Shida yangu mimi ni askari wa mlangoni, na huyo hata ukimsomea kifungu hakusikii. Lakini dada, usifikirie kukimbizia uchapaji huku ili uuze Paris. Unapouza ndipo sheria inapokukuta.

MamaLatifa_Paris

Wapendwa, nimewaelewa. Pompidou naitoa, nafasi yake naweka kanisa la Sacré-Cœur. Eiffel nimerudi leo alfajiri nikiwa upande wa Trocadéro, ukungu ukiwa bado juu ya mto, na kwa kweli naipenda kuliko ile ya usiku. Louvre nitarudia kesho kwa lenzi pana.

Mteja bado anang'ang'ania Eiffel ya usiku kwa jalada. Nimeshawaandikia wenye mnara kuomba ruhusa na bei.

BintiWaSheria

Vizuri. Ila kabla hawajajibu, mwandikie mteja sasa hivi kwamba gharama ya ruhusa ni juu yake, na kwamba ikikosekana jalada litakuwa la alfajiri. Akubali kwa maandishi, si kwa simu.

MamaLatifa_Paris

Naandika sasa hivi.