Tupeane uzoefu: uso wako umebadilikaje kadri umri unavyoenda?

Wakuu habari zenu. Siongelei mikunjo tu, naongelea umbo lenyewe, taya, mashavu, macho kuingia ndani. Naanza mimi, nina 52, ukiweka picha yangu ya pasipoti ya zamani na ya sasa, zamani uso ulikuwa mpana huku juu mashavuni, sasa upana wote umehamia chini na kilo ni zile zile. Daktari alinieleza mafuta ya shavuni yanapungua na kushuka, na mifupa nayo inapungua, matundu ya macho yanatanuka, taya la juu linarudi nyuma, sasa ngozi inakosa pa kujishikiza. Nyie je?

Mama Wawili: Mi naongelea bimkubwa. Aling'olewa magego yote hata 50 hajafika, enzi hizo kung'oa ndo ilikuwa bei rahisi kuliko kuziba, na hili linaniuma mpaka leo. Jino likitoka ule mfupa uliolishika unasinyaa, na mwaka wa kwanza ndo unapungua zaidi. Sasa hivi akifunga mdomo kidevu kinapanda kuelekea puani, midomo imezama ndani. Meno ya bandia ya kuvua mwanzo yalimkaa vizuri, baadae yakaanza kucheza maana ufizi unazidi kushuka, ikabidi arudi yakarekebishwe. Jamani jino linalozibika lizibwe!!

Suka wa Mikoani: Kwangu ni upande wa kulia, wa dirishani. Mabaka na ngozi imelegea kuliko kushoto. Kuna dereva wa lori Marekani madaktari walitoa picha yake 2012, miaka 28 barabarani, yeye kaharibika kushoto kwa sababu kule usukani uko kushoto. Kioo cha pembeni kinapitisha sana ile miale inayozeesha ngozi, weusi wetu unasaidia ila sio kinga kamili. Siku hizi napaka losheni ya jua hata nikifunga vioo.

Dada Mkubwa: Hedhi ilipokoma tu uso ukalegea haraka haraka, nikaambiwa miaka 5 ya mwanzo ngozi inaweza kupoteza kolajeni (ile protini inayoishikilia ngozi ikaze) kama asilimia 30. Dada zangu wadogo anzeni kujua mapema, mimi hakuna aliyeniambia.

Mama Wawili: @Dada Mkubwa na taya je, meno yalianza kulegea kipindi hicho hicho? Bimkubwa ndo ilivyokuwa.