Mjadala: Makombe ya pwani ya Tanga yaachwe ufukweni au yaendelee kuuzwa?

MLETA MADA
Wakuu, habari za jioni. Kuna hoja inazunguka hapa Tanga, kuanzia Raskazone hadi Mwambani: biashara ya makombe ipigwe marufuku, kwa sababu wale kaa wanaotembea na magamba ya konokono mgongoni wanakosa nyumba. Wapo wanaocheka, ati hata kaa siku hizi ana shida ya kupanga. Mimi sicheki, ila marufuku ya jumla naipinga.

Kaa huyu mbele ana ganda gumu na magando, lakini tumbo lake ni laini na limejipinda kulia, likaingia sawasawa ndani ya gamba la konokono. Kujitengenezea gamba hawezi. Hutegemea la konokono aliyekwisha kufa, na akikua hulihama akatafute kubwa zaidi. Akilikosa hudumaa, jike hubeba mayai machache, na adui humpata kirahisi. Kwa hiyo wanaolalamika wana msingi.

Tatizo ni kwamba tunawazungumzia kaa hawa kama vile wote wanaishi mtaa mmoja. Wako wa nchi kavu, wanaotoka usiku vichakani juu ya mstari wa maji kujaa. Hao hurudi baharini jike anapokwenda kuachia mayai. Wako wa mikoko, maji yakipwa wanalundikana kwenye mizizi na matope, na huko gamba la tondo, yule konokono wa mikokoni, ndilo vazi la wengi. Wako wa vidimbwi vya miambani. Halafu wako wakubwa wa kwenye matumbawe, ambao huwaoni mpaka uzamie. Anayeokota ufukweni hamgusi huyu wa mwisho. Anayemgusa ni mzamiaji anayetoa konokono wakubwa wangali hai, maana gamba la konokono aliyetolewa hai halimfikii kaa yeyote. Nasema tumbane huyo, na mama anayeokota yaliyotupwa na mawimbi tumwache. Mnasemaje?

MUUZA MAKOMBE
Ahsante kaka, ila usitutetee nusu. Kombe la mawimbi mara nyingi limepauka, limetoboka, mgeni hata halishiki. Anataka linalong'aa, na linalong'aa linatoka kwa mzamiaji. Mkimzuia yeye mmefunga na meza yangu. Semeni hivyo waziwazi.

MWALIMU WA BAIOLOJIA
Dada kamaliza. Mng'ao ule ni wa konokono aliyekufa juzi kwa mkono wa mtu.

Hata hivyo tusichanganye makombe. Kauri, ambazo ndizo zimejaa mezani, kaa huzivaa kwa nadra, kwani mlango wake ni ufa mwembamba. Anachotafuta ni gamba lenye mdomo wa duara na nafasi ndani. Ukiondoa kauri umemuumiza konokono mwenyewe zaidi ya kaa.

Na huyo mwokotaji asiye na hatia, mleta mada, mimi simwoni hivyo. Ufukwe wa Llarga, Hispania, ulipimwa kati ya 1978 na 1981, ukapimwa tena 2008 hadi 2010. Watalii walikuwa wameongezeka karibu mara tatu, na makombe yamepungua kwa zaidi ya asilimia 60. Huenda ni mtu mmoja mmoja, vipande vichache mfukoni.

Kingine ni namna gamba linavyopokezana. Likipatikana moja zuri, kaa hujipanga kwa ukubwa; mkubwa akihamia, wa pili anachukua alimotoka, na wa tatu vivyo hivyo mpaka mdogo kabisa. Hawa wa nchi kavu hata hulichonga kwa ndani likawa jepesi na pana, kwa hiyo gamba lililokwisha kuvaliwa lina thamani kuliko jipya. Mtalii akilibeba, foleni nzima imesimama.

MJUMBE WA BMU (kikundi cha wanajamii cha kusimamia uvuvi na ufukwe)
Shehe zangu, mnagombana kana kwamba pwani yote ina sheria moja. Kutoka Mwambani kwenda Kigombe mko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa 2009. Huko anayechukua kitu baharini ana utaratibu wa kufuata, awe mzamiaji au mama wa meza.

Ila mimi naogopa chupa. Mwaka 2019 watafiti walitoa hesabu ya visiwa vya Cocos, vya Bahari ya Hindi hii hii yetu, na Henderson kule Pasifiki: kaa wa aina hii wapatao 570,000 wamefia ndani ya taka za plastiki. Chupa inalala mdomo ukiwa juu kidogo, kaa anaingia, akitaka kutoka anateleza. Akifa, harufu yake inawaita wenzake, kwa sababu kwao harufu ya mfu ni habari kwamba kuna gamba limebaki wazi. Wanaingia mmoja baada ya mwingine.

Na siku za usafi msikusanye kwa reki! Nimeona mwani, makombe na kaa walio hai ndani yake vikipakiwa pamoja na chupa kwenda dampo, tukapigiwa makofi.

MVUVI
Mbona sisi hamjatutaja? Kaa hao tunawavunja, tunawatia kwenye ndoana kama chambo. Gamba linabaki vipande vipande, halimfai kaa wala mgeni. Mkipiga marufuku makombe, mtakuja kutuzuia na chambo?

MLETA MADA
Tutakuja, kaka, ukiendelea kuyavunja. Kuna wanaomtoa kaa bila kulipasua gamba. Inachukua muda tu. Mimi msimamo wangu ni ule ule: marufuku iwe kwenye konokono hai. Dada, ukiambiwa usinunue tena kwa mzamiaji, utakubali?

MUUZA MAKOMBE
Nikikataa mimi, jioni hiyo hiyo atapeleka kwa wanunuzi wa jumla wanaosafirisha kwa magunia. Mimi nina meza moja. Anzeni na wao, halafu njooni kwangu mniulize tena.