Albamu ya nyimbo tisa, dakika 22: niitoe hivihivi au niongeze? (Mtwara)

Dogo wa Chikongola

Habari za jioni wakuu. Naingia kwenye mada moja kwa moja.

Mimi ni rapa, niko Mtwara mjini. Nimemaliza albamu yangu ya kwanza: nyimbo tisa, dakika 22 na sekunde kidogo. Hakuna hata wimbo mmoja unaofika dakika tatu na nusu, na upo mmoja wa dakika moja na sekunde arobaini usio na kiitikio kabisa, ni mistari mwanzo mwisho. Ni kuchana tu, biti nzito, hakuna mapenzi, hakuna kuimbaimba. Nimechana kuhusu kangomba (ule ununuzi wa korosho wa magendo), kuhusu vijana waliokaa kusubiri ajira za gesi mpaka wakaota mvi, kuhusu wanaume wanaouza shamba la mke halafu wanaagiza kreti. Nilitaka iwe hivyo: dereva wa bajaji anaiwasha akitoka mjini, akimaliza kushusha abiria Mikindani nayo imeisha.

Shida ni mjomba. Watu wa kusini mnajua kwetu mjomba ana sauti kiasi gani. Yeye ndiye aliyetoa hela ya studio baada ya mauzo ya korosho kule Tandahimba. Nimempelekea, kasikiliza yote kimya. Ilipoisha akaendelea kusubiri, halafu akauliza: "Nyingine ziko wapi?" Nikamwambia ndizo hizo mjomba. Akasema alitoa hela ya albamu, hakutoa hela ya kionjo. Anataka zifike kumi na tano, na mbili tatu ziwe za kuimba "ili na akina mama wasikilize".

Produsa naye kashanusa hela, anasema biti za singeli, ule muziki wa kasi, anazo tayari.

Niongeze au nikaze? Na nikikaza, mjomba namwambiaje bila kuonekana nimeota mapembe? Utani ruksa, matusi hapana.

Beki Mstaafu

Dakika 22? Mkuu, hata kipindi cha kwanza cha ndondo hakijaisha hapo. Refa hajatoa hata kadi.

Fundi Mitambo

Mleta mada, mimi nina studio ndogo Masasi, nitakujibu kwa upande wa kazi, mambo ya mjomba nawaachia wakubwa.

Kwanza jina lisikusumbue. Kwa Spotify na Apple Music, kazi yenye nyimbo saba au zaidi ni albamu, hata kama ni fupi. Nyimbo nne mpaka sita zisizofika dakika 30 ndiyo wanaziita EP. Una tisa, kwa hiyo una albamu, na mjomba hajapunjwa.

Pili, hela. Spotify wanahesabu msikilizo baada ya sekunde 30. Wimbo wako wa dakika moja na arobaini unahesabiwa sawasawa na wa dakika tano. Urefu haukuongezei senti. Halafu tangu 2024 waliweka sharti kwamba wimbo usiofikisha misikilizo 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu. Sasa piga hesabu. Wewe ni msanii mpya, watu wako ni wale wale. Ukiwatandazia nyimbo kumi na tano, watasikiliza tatu za mwanzo na kuondoka, zilizobaki zitakufa chini ya elfu moja. Ukiwapa tisa wanazoweza kurudia mara mbili kwa siku, una nafasi ya kuzivusha zote.

Anayekwambia ongeza sita anakwambia ulipie studio sita zaidi. Nawajua hao, na mimi ni mmoja wao.

Kauzu wa Nanyumbu

Mnamdanganya kijana. Nani Mtwara anasikiliza hip hop ngumu Spotify? Huku watu wanapokea nyimbo kwa WhatsApp na kwa kadi ya kumbukumbu kutoka kwa jamaa wa kurusha miziki pale sokoni. Harusi ni singeli, kigodoro ni singeli, bajaji ni singeli. Mjomba kaona mbali kuliko nyie. Weka singeli mbili, upate shoo, ulipe deni. Sanaa baadaye.

Mzee wa Kanda

Kijana, mjomba wako hana ubaya, amekulia kwenye kanda. Sisi tulinunua kanda ya dakika sitini, upande A na upande B, na kila upande ulitakiwa ujae. Msanii akikupa kanda yenye ukimya robo nzima unahisi umeibiwa. Ndiyo maana albamu za miaka ile zilijazwa nyimbo kumi na ngapi, na ukweli nne zilikuwa za kusogezea muda tu, ulikuwa unazipeleka mbele kwa kalamu ili kuokoa betri. Sasa kanda imekufa, lakini kipimo kimebaki kichwani mwa watu wa rika letu.

Na ufupi haukuanza juzi. Illmatic ya rapa Nas wa Marekani, 1994, ina nyimbo kumi pamoja na utangulizi na haifiki dakika 40. Mwenzake Pusha T mwaka 2018 alitoa DAYTONA, nyimbo saba, dakika 21, ikaingia kuwania Grammy ya albamu bora ya rap. Yako imeizidi kwa nyimbo mbili.

Kauzu wa Nanyumbu

Mzee, Pusha T alikuwa na jina tangu enzi za kundi lake la Clipse, 2002 huko. Mtu mwenye jina hata akikohoa dakika kumi watu watanunua. Huyu wa Chikongola nani anamjua?

Binti Mikindani

Kauzu ana hoja moja ya kweli, ya jina, nyingine zote ni uvivu.

Kaka, kwanza hiyo ya "akina mama wasikilize" imenichekesha. Mimi ni mama wa watoto wawili na nasikiliza ngumu nikikaanga samaki. Tunachotaka ni kusikia kitu kinachotuhusu. Huo wimbo wa mwanaume anayeuza shamba la mke, ukiusambaza tu Newala, akina mama watakutafuta wenyewe.

Ila nina wasiwasi ambao hakuna aliyeugusa. Umesema biti nzito mwanzo mwisho. Umewahi kuisikiliza yote tisa bila kusimama, kama mgeni? Nguvu ikikaa kiwango kimoja dakika 22, sikio linazoea, wimbo wa sita unasikika kama wa pili. Wewe ni mtu wa huku, umeona mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Lipiko, yule mchezaji aliyevaa kinyago, hachezi mfululizo mpaka asubuhi. Anatoka kwa kishindo, ngoma zinachachamaa, halafu zinakata ghafla, anaganda, watoto wanashika roho, ndipo zinaanza tena. Wanaokimbia wanakimbia kwa sababu ya ule ukimya. Kwenye albamu yako ukimya uko wapi?

Na kuhusu singeli, usishindane nayo kwa kasi. Singeli inakwenda mapigo 200 na zaidi kwa dakika, hip hop haitaifikia na haina haja. Kama unataka masikio ya huku, tafuta wazee wapiga ngoma, warekodi ngoma halisi, weka chini ya biti mojawapo. Uwalipe lakini.

Dogo wa Chikongola

Mmenipa mengi. Mzee wa Kanda, hiyo ya upande A na B nitaitumia kwa mjomba kesho, naona itamwingia.

Dada Binti, umenigusa. Wimbo wa tano na wa sita zote zinaanza na besi na kelele, na kasi ni ileile. Kuna vesi moja nilirekodi bila biti kupima maiki, naiimba taratibu, inahusu bibi na mabibo, yale matunda ya mkorosho. Nilikuwa sijaihesabu.

Fundi, biti zote katengeneza produsa wa hapa na nimemlipa, ila hatujaandikishana popote.

Mama Korosho

Mwanangu, nimesoma uzi wote. Mimi nalima Newala na wajomba nimewazika na nimewagombanisha, nawajua.

Mjomba wako hagombani na dakika. Anaogopa kuulizwa na wenzake: "Ile hela ya korosho uliyompa mpwa wako iko wapi?" Akiwaonyesha kitu cha dakika 22 watamcheka. Kwa hiyo usiende na hoja za Spotify. Nenda asubuhi, usiende mikono mitupu, msalimie, kaa chini, halafu mpe kitu cha kuonyesha. Chapisha hata nakala chache za CD zenye jalada zuri na jina lake kwenye shukrani, tena juu. Wapo wanaozipiga kwenye magari bado. Ataitembeza Tandahimba nzima huyo.

Lakini kabla ya hapo muulizane: ile hela ni zawadi, ni mkopo, au ni hisa? Andikeni kwenye karatasi, mweke na shahidi wa ukoo. Undugu ukichanganyika na hela isiyo na jina, msimu ukiwa mbaya tu utaitwa mwizi. Na usiitoe sasa. Subiri minada ya korosho ianze mwezi wa kumi, watu walipwe kwenye akaunti zao. Mkulima mwenye hela anasikiliza hata rap.

Beki Mstaafu

Mama Korosho apewe wizara.

Kauzu wa Nanyumbu

Hapo kwenye mwezi wa kumi nakubali. Na weka spika kwenye pikipiki upite vyama vya msingi vya wakulima siku ya malipo. Bado nasema ungeweka singeli moja.

Fundi Mitambo

Singeli hapana, lakini pikipiki ndiyo.

Dogo, na produsa fanya hivihivi alivyosema Mama: karatasi moja, inataja kila biti, umelipa kiasi gani, na nani mwenye masta, yaani rekodi yenyewe iliyokamilika. Kisha kasajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujaipandisha popote. Ukipandisha kwanza, halafu biti ikachukuliwa na mwingine, utaanza kugombana bila ushahidi.

Ile vesi ya bibi ichukue hivyohivyo ilivyo, usiisafishe sana, iweke kati ya wa tano na wa sita. Itakuwa ya kumi, mjomba atahesabu moja zaidi na Binti atapata ukimya wake. Ule wa dakika moja na arobaini upeleke namba mbili, mtu akiwa bado hajakaa sawa. Na produsa akitaka kupandisha sauti ya masta mpaka ipasuke ili ishindane na singeli, mkatalie. Kaisikilizeni kwanza kwenye bajaji, siyo kwenye spika zake za studio. Besi ikikwaruza kwenye bajaji, mrudi mkapunguze.