Mganga mwenye koti jeupe na mashine: naye aendelee kusamehewa leseni ya udaktari?

Wakuu, tulijadili hili bila matusi.

Daktari wa Tanzania Bara anasoma miaka mitano, anafanya mwaka mzima wa intanishipu, ndipo Baraza la Madaktari Tanganyika limpe leseni. Mganga wa tiba asili hapiti huko, na sheria ndiyo ilivyotaka. Sheria ya madaktari ya 1968 ilimkataza asiyesajiliwa kutibu watu, halafu ikamtoa mganga wa jadi kwenye katazo hilo kwa masharti: jamii yake imtambue kuwa amefundwa kazi hiyo, atibu ndani ya jamii hiyo, na tiba yake isihatarishe maisha. Uganda nao waliweka msamaha wa aina hiyo mwaka huohuo. Baadaye ikaja Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya 2002, ikawapa waganga baraza lao na msajili wao.

Msamaha wa 1968 ulikuwa na akili kuliko tunavyoupa sifa. Jamii ikimtambua mtu, akikosea kuna wa kumuuliza. Fundi wa mifupa kijijini akimfunga mtoto kwa vipande vya mianzi, mkono ukaunga vibaya, atakutana na mama wa mtoto huyo kisimani, msibani na kwenye kikao cha kitongoji. Hawezi kuhama kila mwezi.

Sasa njoo mjini. Kuna yule wa bango la stendi: namba mbili za simu, chini yake "kisukari, presha, nguvu za kiume, kesi mahakamani, mpenzi kurudi". Unatuma pesa kwa simu, dawa inakuja kwa basi kwenye chupa ya maji iliyobanduliwa lebo. Mgonjwa hajawahi kumwona sura. Jamii iliyomtambua huyu ni ipi?

Halafu kuna anayenikera zaidi, wa "kliniki". Koti jeupe, stethoskopu shingoni, kila mtu anamwita Dokta. Anakushikisha kijiti cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, baada ya dakika chache zinatoka kurasa za majibu: ini, figo, mifupa, uzazi, hadi "sumu mwilini". Hujatolewa hata tone la damu. Na dawa za kila kilichoonekana, kwa bahati nzuri kabisa, zipo kwenye kabati nyuma yake.

Nasema hivi: mzee wa kijijini aachwe na msamaha wake. Huyu wa mashine avuliwe. Ukitaka kupima watu, nawe upimwe kwanza.

Najua serikali imeshajaribu kubana, ila inabana kwa kufyeka. Januari 2009, mauaji ya watu wenye ualbino yalipopamba moto, Waziri Mkuu Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wote. Januari 2015 ikawa zamu ya Waziri wa Mambo ya Ndani, Chikawe, kupiga marufuku wapiga ramli. Desemba mwaka huohuo wizara ya afya ikazuia matangazo ya tiba asili kwenye vyombo vya habari. Amri ya namna hiyo inamkuta bibi anayechemsha majani ya mpera, kwa sababu mtendaji wa kijiji anajua anapokaa. Wa mjini anabadilisha jina la kliniki, maisha yanaendelea.

Karibuni.

Mchangiaji, tabibu wa zahanati: Mleta mada, fundi wa mifupa umempendelea mno. Nimepokea watoto waliofungwa mianzi ikakazwa, damu haipiti. Vidole vinavimba, vinapoa, mtoto analia usiku kucha, wazazi wanaambiwa "dawa inafanya kazi". Wakinifikia, vidole vimeshakuwa vyeusi na kilichobaki ni kukata. Huyo fundi anajulikana kijiji kizima, na bado wanampelekea. Kujulikana hakumzuii mtu kukosea, kunamfanya asamehewe haraka tu. Mimi sitaki aende chuo. Nataka afundishwe mambo mawili: kubonyeza ukucha aone kama damu inarudi, na kulegeza bendeji mtoto akilalamika. Asiyekubali kujifunza hayo asitibu.

Mchangiaji kutoka Tanga: Babu yangu alikuwa mganga, kwa hiyo nina upande. Mnasema "jamii imtambue". Haya, Loliondo 2011 jamii haikumtambua mtu? Mchungaji mstaafu Mwasapile, kijiji cha Samunge, kikombe cha dawa ya mizizi shilingi 500. Magari yalipanga foleni kilomita na kilomita, viongozi wakubwa wakanywa. Kuna waliofia kwenye foleni, kuna waliotoroshwa wodini ili wawahi kikombe. Na yule mzee hakuvaa koti jeupe wala hakuwa na mashine. Kwa kipimo chako angesamehewa.

Mleta mada: Mkuu wa Tanga, hapo umenishika, ila si pote. Sharti la zamani lilikuwa jamii *yake*. Kwa watu wa Samunge mzee alikuwa jirani. Kwa waliotoka Mwanza, Dar na Nairobi alikuwa habari ya redioni tu. Ndiyo maana nasema mpaka uwe umbali: ukianza kuita wagonjwa wasiokufahamu, msamaha unakoma. Tabibu, la bendeji nimelikubali lote.

Mchangiaji: Mnaongea kama hospitali iko jirani. Kwetu ukivunjika mguu masika, barabara haipitiki, fundi wa mianzi ndiye huyohuyo daktari. Mvueni msamaha halafu mje mtubebe.

Mchangiaji kutoka Tanga: Na huyo wa mashine mkishamvua, nani atamtahini? Madaktari hawajui mizizi. Watamfelisha saa nne asubuhi, saa sita wamemaliza kazi.

Mleta mada: Mizizi wasiiguse. Muhimbili ina watafiti wa tiba asili tangu 1974, wapo wanaoijua. Mimi nagombana na kijiti cha chuma. Hicho kinajiita kifaa tiba, na vifaa tiba viko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Waulizwe: hiki mmekisajili? Kama hapana, kikamatwe, hatuhitaji hata kumtahini mwenyewe. Wa namba za simu ni mgumu zaidi, lakini laini siku hizi zinasajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole, kwa hiyo anayetaka kweli kumpata atampata. Mwenye njia bora kuliko hiyo aiweke hapa, nitaisoma.