Ripoti ya mwaka kurasa 140, neno "kisima" halimo! Wanahisa tunafanywa mazuzu

Wakuu salaam. Niko Dodoma hapa na leo nina hasira.

Nina hisa za kampuni moja iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, ina kiwanda huku kanda ya kati. Jina silitaji. Mwezi wa kumi kiwanda kilisimama wiki tatu, visima vyao vimeishiwa maji. Nimejuaje? Si kwa tangazo! Shemeji yangu ni kibarua pale, kanipigia kuomba elfu ishirini maana kazi hakuna.

Nikaifukua ripoti. Ukurasa wa mazingira: mkurugenzi kachuchumaa na mche wa mti, fulana nyeupe pee. Chini yake, "tunaendelea kufuatilia hatari za tabianchi." Basi. Dodoma hii ya msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, milimita 500 na ushee kwa mwaka! Maji ya visima yameshuka kiasi gani? Yakikata, gawio langu linabaki shilingi ngapi? Kimya. Na huo mche nani anaumwagilia?

Viwango vya kimataifa vya ripoti za kampuni, IFRS S2, vimetoka tangu Juni 2023, vinataka kampuni iseme hatari ya tabianchi inagusaje fedha zake. Wenzetu hawana mchezo. Bwawa la topesumu (matope ya mabaki ya machimbo) la kampuni ya madini ya Vale lilibomoka Brumadinho, Brazili, Januari 2019, watu 270 wakafa. Soko lilipofunguliwa, hisa zikaporomoka karibu asilimia 24. Miezi mitatu haijaisha vizuri, mifuko ya pensheni ya Kanisa la Uingereza na ya Sweden ikazibana kampuni za madini dunia nzima: wekeni hadharani kila bwawa mlilonalo.

Huku kwetu bei haijatikisika hata shilingi tano. Mtu atasema ni imani. Imani gani, wakati anayejua ni kibarua na walio meza ya juu? Nimeweka oda ya kuuza, wiki ya pili hii, mnunuzi hakuna.

Ila na sisi tuna letu. Mkutano mkuu uliopita swali la kwanza lilikuwa gawio linaingia lini, la pili mbona mwaka huu hatujapewa kofia. Nami nilipiga makofi kwenye la kofia.

Safari hii nataka kina cha kila kisima, kwa mita. Mwenye hisa hizo aje PM tuandike barua kabla ajenda haijafungwa.