MJADALA: "Mwaka huu ni mwaka wako." Maneno haya yanatutia tumaini au yanatukopesha?

Wakuu, habari za leo. Wakubwa zangu shikamooni.

Kila tarehe 31 Desemba usiku huwa niko mkeshani kama Wakristo wengi wa nchi hii. Saa sita ikikaribia, madhabahuni linatangazwa jina la mwaka unaoingia: mwaka wa kuvuka, mwaka wa marejesho, mwaka wa kicheko. Tunaruka, tunapeperusha leso, kila mtu anamgeukia jirani yake na kumwambia "huu ni mwaka wako". Nimeambiwa hivyo miaka tisa mfululizo na nimewaambia wengine pia, kwa hiyo msione nimekuja kurusha mawe. Nami nimo.

Hoja yangu naiweka mezani mapema tusije tukazungushana: mtu aliye kwenye shida ndefu ukimpa tumaini lenye tarehe, umemuongezea mzigo. Na Biblia tunayoinukuu haiko upande wetu katika hili.

Nina mtoto mmoja tu, wa kiume, ana selimundu. Tuko Mwanza, na watu wa Kanda ya Ziwa hamhitaji kuelezwa. Kwa asiyejua, chembe nyekundu za damu zinapinda mithili ya mundu, zinaziba mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu yanapoanza. Yakianza usiku mwanangu halii. Anauma ncha ya shuka na kuhesabu. Tulimfundisha kuhesabu mpaka ishirini, siku hizi anafika mia nne. Kazi yangu ni kupasha maji, kumkanda magoti, kumnywesha kikombe baada ya kikombe, na kumulika tochi ya simu kuona kama macho yamekuwa ya njano. Alfajiri tunaamua: dawa za nyumbani zimetosha, au nitoke nje kutafuta bajaji.

Alipokuwa na miaka minne, mtumishi mmoja alitutamkia kwamba ikifika Pasaka atakuwa mzima. Hakutuambia tuache dawa, nisimsingizie. Alitukataza kulitaja jina la ugonjwa ndani ya nyumba, maana kukiri ni kukaribisha. Pasaka ikaja. Ijumaa Kuu tulikuwa wodini, mtoto ana dripu mkononi.

Kilichofuata ndicho kimenifanya niandike. Hakuna aliyesema mtumishi amekosea. Waliuliza ni nani kwenye familia aliyeacha mlango wazi. Mke wangu akaanza kutubu dhambi za kubuni. Alikaa kwenye benchi la wodini akamkumbuka mvulana mmoja wa enzi za sekondari, akaniuliza kwa sauti ya chini, "au ni yule?" Tuliingia hospitali tukiwa wazazi wa mgonjwa, tukatoka washtakiwa.

Sasa tuje kwenye Neno. Mstari unaobandikwa sana kwenye vioo vya daladala ni Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho. Rudini mstari mmoja tu nyuma. Miaka sabini! Ile ni barua ya Yeremia kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Mtu wa miaka arobaini aliyesomewa barua ile alijua kwamba yeye atazikwa kulekule. Ndiyo maana mstari wa tano unawaambia wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake. Hakuna anayepanda mwembe mahali anapotarajia kuondoka Jumatatu.

Na sura iliyotangulia, ya 28, inaye mhubiri wa tarehe. Anaitwa Hanania. Alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi, akaivunja na nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia. Bila shaka watu walimpenda zaidi, hata mimi ningempenda. Jibu lililokuja ni kwamba amevunja nira ya mti, na badala yake itakuwepo ya chuma. Hanania alikufa mwaka uleule. Benchi la mke wangu mimi naliita nira ya chuma.

Mtauliza, basi tumaini lako liko wapi? Liko, na ni la Kikristo kabisa. Mwaka juzi mtoto aliishiwa damu. Daktari akasema damu yetu wazazi haimfai, kwa kuwa sisi wote wawili tunabeba kile kinasaba tulichomrithisha. Nikampigia simu mwalimu wa kwaya ya mtaani kwetu. Walikuja kumi na mmoja, wengine bado na sare za mazoezi, wakapanga foleni pale benki ya damu. Wawili walikataliwa kwa uzito mdogo, mmoja kwa presha. Hakuna aliyetabiri chochote. Mama mmoja wa sauti ya pili alikaa nasi mpaka usiku na chupa yake ya uji, akatusomea Zaburi ya 13: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Akafunika Biblia. Sijawahi kusikia maneno yaliyonipumzisha kama yale, na hayana jibu ndani yake.

Je, wachungaji waache kutangaza majina ya miaka? Au mimi ndiye ninayekosea? Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza:

Kaka, pole sana na mtoto. Ila hapa umeteleza.

Nimemaliza chuo miaka sita iliyopita, naendesha bodaboda. Wewe ukisikia "mwaka wako" unasikia tarehe, mimi nasikia kwamba kuna mtu mjini humu anaamini sijaisha. Mwaka mmoja tuliambiwa ni mwaka wa milango. Mlango sikuuona. Lakini Januari ile niliandika barua kumi na nne za kuomba kazi, na mwaka wa nyuma yake sikuandika hata moja. Hiyo nguvu ilitoka wapi? Wewe ulitaka mchungaji asimame saa sita usiku aniambie miaka sabini? Ningebaki nyumbani nilale.

Halafu mbona umemruka Sara? Mwanzo 18, alisikia kabisa mumewe akiambiwa wakati kama huu mwakani Sara atakuwa na mwana. Tarehe hiyo. Na alipata.

Mchangiaji wa pili:

Mimi ni muuguzi mstaafu. Ninyi wawili mnabishana kuhusu maneno, mimi nimewapokea waliokuja baada ya maneno. Mgonjwa wa kisukari ameacha sindano siku arobaini, mwenye virusi vya UKIMWI amerudisha dawa kwa kuwa "amepokea uponyaji". Hawa hawaji kulalamika, wanakuja wakiomba msamaha kwamba imani yao imepungua. Tukumbuke na Moshi, Februari 2020, watu 20 walikufa uwanjani kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Hawakuwa wajinga wale. Walikuwa wamechoka kusubiri.

Mchangiaji wa tatu:

Selimundu ni vinasaba, basi. Hakuna mlango wazi wala uliofungwa. Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma imeanza kupandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wa selimundu. Peleka mtoto huko, achana na Yeremia.

Mchangiaji wa nne:

Salamu kutoka Kilifi. Sisi huku baada ya Shakahola mwaka 2023, waumini walikohubiriwa kufunga mpaka kufa na miili zaidi ya mia nne ikafukuliwa msituni, tuliacha kuuliza kama mahubiri yanaweza kuua. Bado tunabishana kama serikali iyawekee makanisa masharti. Mimi naogopa serikali kuamua lipi ni tumaini halali, lakini pia nimepita karibu na msitu ule. Sina jibu, nasoma tu.

Mleta mada:

Asanteni wote. Muuguzi, shikamoo mama, nimekusoma mara mbili.

Ndugu wa uloto, nakushukuru, tuliulizia. Mtoaji anayefaa zaidi ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ambaye uloto wake unaoana na wa mgonjwa. Nilishasema mwanangu yuko peke yake. Kuzaa mwingine nako tuna nafasi moja kati ya nne ya kurudia yaleyale, na mke wangu hajawa tayari. Kwa hiyo dawa na Yeremia vinakaa kabati moja hapa kwetu.

Wa bodaboda, umenibana. Barua kumi na nne si mchezo, na sitaki kukunyang'anya Januari yako. Kuhusu Sara, tuhesabu. Abrahamu aliondoka Harani ana miaka 75, Isaka kazaliwa akiwa na miaka 100. Ile tarehe ya mwakani ilitolewa mwaka wa mwisho wa miaka ishirini na mitano. Katikati walichoka wakajitafutia njia ya mkato, mtoto kwa mjakazi wao Hajiri, na aliyelipa ni huyo Hajiri jangwani na mtoto wake. Lakini nakubali kitu kimoja: wewe hukuambiwa kwamba usipopata kazi kosa ni lako. Kama ungeambiwa, sijui kama mwaka uliofuata ungekwenda mkeshani. Hilo unijibu ukipata nafasi.

Mkesha uliopita tulikwenda wote watatu. Mtoto alivaa sweta mbili kwa sababu ya baridi ya usiku. Jina la mwaka lilipotangazwa aliniuliza, "Baba, hili ndilo la mwaka jana?" Nikamwambia hapana, hili ni jipya. Akasema sawa, akapeperusha leso yake.

Kliniki yetu ijayo ni Alhamisi na damu yake imeanza kushuka tena. Kwaya walitoa hivi karibuni, miezi mitatu haijatimia. Aliye Mwanza, kundi O, na hana selimundu kwenye ukoo, aniandikie faragha.